Msaada wakuu: apu ya kripto naipimaje kabla sijaweka hela? Ada, kutoa kwa simu, na kama inaaminika

kijana_wa_tegeta
Wakuu salaam. Mimi nadizaini logo na mabango, kuna mteja yuko Dubai anataka awe ananilipa kwa USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata bei ya dola) maana benki anasema inamchelewesha. Sasa natafuta sehemu ya kupokelea alafu niuze iingie kwenye simu, na kikibaki chochote ninunue Bitcoin kidogo niiache humo. Nimesikia Binance, Bybit, Kraken, alafu binamu yangu ananisukuma niingie apu moja mpya, kundi lao liko Telegram, anasema ada sifuri kabisa, unaweka hela moja kwa moja kwa namba ya simu na ukileta watu unapewa bonasi. Mtu unaangalia nini hasa, ada peke yake au kuna kingine?

mama_hesabu
Kaka karibu. Ada wanayoitangaza mara nyingi ndiyo ndogo kuliko zote utakazolipa. Binance ukinunua na kuuza kwenye soko la kawaida ni asilimia 0.1, ukilipia kwa BNB, sarafu ya Binance wenyewe, inapungua robo. Kraken Pro kwa mtaji mdogo nilivyoangalia ilikuwa 0.25 kama umeweka oda yako ikasubiri, na 0.40 ukichukua oda iliyopo tayari. Ukisoma hivyo utadhani umeshajua nani wa bei rahisi, kumbe kwa sisi wa shilingi hela inaondokea kwenye P2P, yaani pale unapouziana na mtu mwenzako ndani ya apu naye anakulipa kwa simu.

Chukua namba za mfano tu. Mteja kakutumia 200 USDT, bei ya soko tuseme ni 2,500, yaani hapo una 500,000. Ukifungua P2P mnunuzi wa juu anatoa 2,470, unapata 494,000, elfu sita imeenda na kwenye risiti imeandikwa ada 0. Sasa wiki ijayo ukasema ngoja ninunue Bitcoin, ukarudi P2P na ile 494,000 ukakuta wauzaji wako 2,560, unapata kama 193 USDT. Hujafanya chochote na USDT 7 zimeyeyuka. Kwa hiyo ile sehemu unayotaka kuweka akiba usiipitishe kwenye shilingi kabisa, nunua Bitcoin humo humo kwa USDT zako, kwenye USDT 50 utakatwa kama 0.05 tu. Kama huna haraka weka tangazo lako mwenyewe la kuuza badala ya kuchukua la mtu, bei inakuwa nzuri zaidi ila utasubiri.

Na Kraken kwa kazi yako naitoa, haina P2P wala njia ya shilingi yetu, utabaki unahangaika na dola za benki.

pwani_mvita
Salaam kutoka Mombasa. Mimi ni muuzaji wa P2P huku, M-Pesa kila siku, naongezea upande wa kupokea maana ndiko watu wanaliwa. Ukiuza, apu inazishikilia USDT zako mpaka wewe ubonyeze kwamba umelipwa. Usibonyeze kwa sababu ya SMS wala skrinishoti, SMS ya uongo inatengenezwa, fungua menyu ya simu uangalie salio lenyewe limeongezeka. Jina la aliyetuma lazima lifanane na jina lililothibitishwa kwenye oda. Akikwambia "nimetuma kwa laini ya mke wangu" kataa, fungua malalamiko humo humo kwenye apu, maana huyo "mke" anaweza kuwa mtu aliyetapeliwa huko na akiripoti ni laini yako inafungwa, si ya tapeli. Na mazungumzo yote yabaki ndani ya apu, mtu akikuita WhatsApp katikati ya oda achana naye.

mlinzi_wa_funguo
Hiyo ya Telegram mimi imenishtua. Mdogo wangu, hapo nenda pole pole sana. Aprili 2025 Nigeria kulikuwa na CBEX, nayo ilijiita eksichenji (soko la kununua na kuuza kripto), watu wanaona faida inapanda kwenye skrini, siku ya kutoa ikagoma, alafu wakaambiwa walipe dola 100 kwanza ili akaunti "zithibitishwe". Mtu anayekuomba hela ndio akurudishie hela yako ameshakuibia tayari.

Hata masoko makubwa mimi nayapima hapo hapo kwenye kutoa. Eksichenji ya FTX ilikuwa na matangazo na mastaa, Novemba 2022 ikafunga kutoa na ndani ya siku chache ikafilisika, mwanzilishi wake Sam Bankman-Fried akahukumiwa miaka 25 mwaka 2024. Nyingine, Mt. Gox, ilifunga Februari 2014 na wadai wakaanza kurudishiwa Bitcoin Julai 2024, hesabu mwenyewe hiyo miaka. Bybit yenyewe Februari 2025 iliibiwa Ethereum za kama dola bilioni 1.5 lakini watu waliendelea kutoa, kwangu hiyo ina uzito kuliko tangazo lolote. Binance mwaka 2023 walikiri makosa Marekani wakapigwa zaidi ya dola bilioni 4.3, ila kosa lilikuwa upande wa sheria za utakatishaji na vikwazo, si kula amana za wateja. Ni kosa kubwa, sikusafishii mtu, lakini ujue unapima nini.

Na kumbuka Benki Kuu (BoT) walitoa tangazo 2019 kwamba kripto si fedha halali kwetu, sheria ya fedha ya 2024 ikaja na kodi ya zuio ya asilimia 3 ya mali za kidijitali. Usitegemee kuna ofisi utakayoenda kulia urudishiwe.

kijana_wa_tegeta
Asanteni sana wakuu, nimesoma yote mara mbili. Nimemuuliza binamu namba ya kuwekea hela, kanipa, inaleta jina la mtu binafsi kabisa, si kampuni. Na anasema kutoa ni mpaka siku 30 zipite. Alafu mteja ananiuliza nimpe adresi ya TRC20 au ERC20, yaani USDT zipite mtandao wa Tron au wa Ethereum, nimjibu nini?

mlinzi_wa_funguo
Jina la mtu binafsi na siku 30? Usiweke hata elfu kumi, na binamu kama ameshaweka mwambie ajaribu kutoa leo leo kabla hajaleta mtu mwingine.

mama_hesabu
Mwambie TRC20, ila kwanza alinganishe gharama za kutuma za mitandao yote miwili. Ila kwenye apu yako nenda kupokea, chagua USDT, chagua TRC20, ndio unakili adresi, itaanza na herufi T. Mwombe atume USDT 10 kwanza, ukiziona uziuze P2P mpaka shilingi zifike kwenye simu yako, hapo ndio atume iliyobaki.