Msaada: neno "abakasi" lina maana ngapi, na limetoka wapi?

Mdadisi: Wakuu, natayarisha somo la historia ya hesabu. Kamusi inasema abakasi ni kihesabio cha shanga, kitabu cha usanifu majengo kinasema ni sehemu ya nguzo. Kuna uhusiano? Na ni kweli asili yake ni "vumbi"?

FundiNguzo: Uhusiano upo: bamba bapa. Kigiriki ni *abax*, Kilatini *abacus*, yaani ubao, uwe wa kuhesabia, wa kuchezea au meza ya kupangia vyombo. Kwenye nguzo ni lile bamba la juu kabisa la kichwa chake, linalopokea boriti. Nguzo ya Kidoriki (mtindo mmojawapo wa Ugiriki ya kale) ina bamba la mraba, nene, lisilo na mapambo. Ya Kikorintho, mtindo mwingine wa huko, pande zake nne zimebonyea kwa ndani. Ukichora, usilichanganye na kiungo cha mviringo kilicho chini yake.

Kokoto: Shanga usianze nazo. Ubao wa Salamis, uliopatikana Ugiriki mwaka 1846, ni marumaru ya urefu wa karibu sm 149 yenye mistari na alama za namba, bila shanga. Mhesabuji alipanga kokoto juu yake. Darasani chora mistari minne kwenye mchanga laini uliochekechwa (wa chengachenga haushiki mstari): kuanzia kulia, mamoja, makumi, mamia, maelfu. Kokoto zikifika 10 mstarini, ziondoe zote, weka 1 mstari wa kushoto. Wengi huweka ile 1 na kuziacha zile 10, jibu linavimba.

Vumbi ni dhana tu. Kiebrania *avaq* ni vumbi, na mbao za kumwagia vumbi ili kuchorea zilikuwapo, ndipo watu wakaunganisha. Ila *abax* ni ubao hata usiokuwa na vumbi. Andika "huenda".

Tarakimu: Tena usiweke picha ya shanga kando ya *Liber Abaci*, kitabu cha Leonardo wa Pisa (1202). Kinafundisha kuandika hesabu kwa tarakimu za Kihindi (zilizozaa 0 hadi 9 zetu). Kwa Waitalia wa enzi zile *abaco* ilikuwa hesabu yenyewe, si chombo.

Mdadisi: Na suanpan na soroban?

Kokoto: Majina hayo hayatokani na *abax*. Suanpan ya Wachina kwa kawaida ina shanga 2 juu na 5 chini kila waya. Soroban ya kisasa ya Wajapani 1 na 4. Kila shanga ya juu ina thamani ya 5, ya chini 1. Kwa soroban, 4 + 3: shusha ya 5, kisha ondoa 2 za chini. Ukisahau kuondoa, utasoma 9.