Naomba ushauri: usaliti, hiana au uhaini?

Habari zenu wakuu. Namalizia hadithi fupi, neno moja limenikwamisha. Jamaa katoboa siri aliyoambiwa na rafikiye. Mwenye siri anasimama mlangoni, hata kiatu hajavua, anasema: "Umenisaliti."

Msomaji wangu wa kwanza kaniuliza, "Kwani ni wapenzi?" Nikacheka, ila ana hoja. Siku hizi ukisema fulani kamsaliti mwenzake, watu wanawaza mchepuko tu.

"Uhaini" naona unanuka mahakama, ni kosa la mtu na dola yake. "Umenihini" nalipenda, lakini kwa wengine kuhini ni kunyima, mtu atauliza kanyimwa nini. Nabaki na "umenifanyia hiana". Je, mtu mwenye hasira hutamka hivyo kweli?