Mjadala: Jeki ndefu ndani ya gari ya abiria, ifungwe au itolewe?

Fundi Mwanakwerekwe
Asalaam aleikum jamani. Gari nyingi za Unguja zinazopeleka wageni Matemwe, Kizimkazi na Makunduchi, na za Pemba zinazoshuka Vumawimbi, zina jeki ndefu, ile ya nguzo yenye matundu. Nyingi imelazwa tu nyuma ya siti, au imefungwa kamba ya nailoni. Hoja yangu: gari iliyochukua abiria ikikutwa na jeki hiyo ndani haikufungwa kwa bolti, isipite ukaguzi. Ya futi nne ina kilo 13 hivi. Pigeni hesabu. Gari iko mwendo wa kilomita 50 kwa saa, imegonga mnazi, imesimama ndani ya nusu mita. Jeki haina habari ya mnazi, inaendelea na safari, na chochote cha kuizuia lazima kibebe kama kilo 250. Nailoni hiyo ni ya kuanikia nguo.

Wete Juu
Fundi, hesabu sikatai, dawa ndiyo siioni. Chuma kama hicho mgongoni mwa watu hakifungwi, kinatolewa. Keria ipo, bampa lipo. Kikibaki ndani, hata na bolti zake, siku gari ikipinduka kwenye miteremko yetu huku kila kitu kinatafuta pa kutokea.

Kaskazi na Kusi
Wete, keria ya juu kwa hali yetu ya chumvi ni kaburi la jeki. Roho ya jeki hii ni pini mbili zinazopanda kwa zamu, kila moja na springi yake. Chumvi ikichanganyika na vumbi la kifusi, pini inagoma kurudi tunduni. Ikigoma gari iko juu, jeki haishuki hatua kwa hatua, inaporomoka, na mpini unapiga juu chini kama mchi wa kinu. Taya haliponi hapo. Wenye kutia grisi wanadhani wanaiokoa, kumbe grisi inashika mchanga na inakuwa msasa. Jeki hii inaoshwa kwa maji matamu, inakaushwa, inatiwa mafuta ya cherehani kwenye pini na springi, basi. Ikilala nje Nungwi itabidi ufanye hivyo kila mara. Na bampa ndiyo kabisa: sokoni Darajani watu wanapita baina ya gari na gari, na kile kitako kiko sawasawa na goti la mtu.

Escudo
Mbona hamuulizi ya nini? Jeki ya chupa, ile fupi ya mafuta, ya tani 2 ina kilo chache tu, inakaa chini ya siti, kazi imekwisha. Na gari nyingi zilizobebeshwa jeki ndefu haziwezi hata kuitumia. Escudo, RAV4, Jimny ya bampa la plastiki, ulimi wa jeki utashika wapi? Pambo tu hilo, kama taa nane za mbele zisizo na waya.

Fundi Mwanakwerekwe
Kwenye pambo niko nawe. Lakini Land Cruiser ya bampa la chuma ikipata pancha mchangani, rimu linazama, ekseli inalala. Jeki ya chupa inataka sentimita 18 mpaka 20 za nafasi ili iingie chini yake. Utachimba mpaka maji yajae. Hoja yangu si kubeba au kutobeba. Anayebeba ndani, afunge.

Siti ya Nyuma
Nauliza kama abiria. Afunge wapi? Maana ziko gari jeki imefungwa kweli, lakini kwenye mguu wa siti. Hiyo nayo imefungwa?

Spana 13
Bibie, hiyo imening'inizwa. Bolti za siti zina mzigo wake tayari, ambao ni wewe. Ukiziongezea jeki, siku ya siku siti inang'oka pamoja na jeki na aliyekalia.

Watu wengi hununua bolti nene wakadhani wamemaliza, na kinachokosewa si bolti. Bolti moja ya M8, yaani ya unene wa milimita 8, yenye alama ya nguvu ya 8.8 kichwani inastahimili mvuto wa zaidi ya tani 2. Kinachochanika ni bati la sakafu. Ukikaza kwa washa ya kawaida, washa inapita kwenye bati kama kifungo kwenye tundu la kanzu. Kwa hiyo chini ya sakafu panawekwa bamba la chuma la milimita 3, sentimita 6 kwa 10 au zaidi, kona zake zimeviringwa kwa grenda zisije zikakata bati zenyewe.

Pahala pake ni nyuma ya siti ya mwisho, chini kabisa, jeki imelala kwa upana wa gari. Ikilala kwa urefu, ncha inamtazama dereva, na bolti zikiachia ule ni mkuki. Kwa upana, vikamatio viwili, yaani vyuma vya kuishika jeki vinavyofungwa sakafuni kwa bolti, vinagawana mzigo. Futi nne ni sentimita 122, basi pima baina ya matao ya matairi kabla hujatoa hata senti. Haiingii? Iko ya inchi 36. Au panda juu ya matao, ila isivuke kimo cha mgongo wa siti.

Kabla ya drili, ingia chini na tochi: tangi la mafuta, bomba la breki, waya. Zungushia utepe kwenye ncha ya drili, acha milimita 10 tu nje, ukiufikia utepe unasimama. Anza na tundu la milimita 3, panua mpaka 9. Kingo za tundu pakaa rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke, ndipo silikoni, ndipo bolti. Wengi wanaruka hapo kwenye kukauka, na baada ya masika mbili sakafu imeota kutu kuzunguka kila bolti. Bolti ni nne, mbili kila kikamatio, na nati zile zenye plastiki ndani, mpya, maana ukishaifungua mara kadhaa ile plastiki haishiki tena. Kaza kwa spana ya kupimia mpaka Nm 25 (newtoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), halafu rudia baada ya wiki ya barabara mbovu, kwa sababu rangi na silikoni hujikandamiza.

Mpini ulale sambamba na nguzo, ufungwe kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kichwa kinachopanda kisukume mpaka kiegemee kikamatio. Ule mlio wa koko-koko mnaouzoea ndio unaolegeza nati.

Maweni
Ahsante Spana, ila kwa Defender ongeza jambo. Bodi yake ni alumini. Bamba la chuma likigusana na alumini kwenye hewa ya chumvi, alumini inaoza na kuwa unga mweupe, tundu linapanuka, na bolti yako nzuri imebaki inacheza. Bolti za chuma cha pua ndizo zinazoharakisha, ingawa zenyewe zinang'ara. Weka raba baina yao.

Spana 13
Kuwatenganisha sawa, raba laini hapana. Raba inajibonyeza, nati inalegea kila siku. Bamba lipakwe rangi tabaka mbili, katikati weka plastiki ngumu ya milimita 1, na silikoni ijae mpaka itoke pembeni.

Wete Juu
Mmefundisha vizuri, nami nimefaidika. Lakini hoja ilikuwa ukaguzi. Mkaguzi atasimama nyuma ya gari, ataona vichwa vinne vya bolti vinang'aa, atapitisha. Chini ziko washa za duka. Kukataza ni rahisi kuliko kukagua.

Fundi Mwanakwerekwe
Kwani mabomba ya breki yanakaguliwa kutoka juu? Aliyeinama kutazama bomba atazame na bamba, ni pale pale. Ukikataza, jeki itarudi ndani chini ya mkeka, bila bolti hata moja.

Kodi Siku Tatu
Wenye gari za kukodisha hawatakubali kutobolewa sakafu, gari inashuka bei. Kwao kuna njia nyingine: kama siti za nyuma za pembeni zimeondolewa, matundu yake ya kiwandani yapo, yameimarishwa tangu mwanzo na yana uzi wa kushika bolti. Kikamatio kitengenezwe kifuate matundu hayo. Safisha uzi kwanza, pima kama ni M8 au M10, na bolti iingie kwa mkono mizunguko mitano sita kabla ya spana. Ikigoma mzunguko wa pili usilazimishe, uzi ukiharibika hapo umeharibika.

Karafuu
Mnaisema jeki ndefu peke yake kama ndiyo mkosaji pekee. Msimu wa karafuu, gari za shamba zinapakia magunia na watu juu yake, na baina ya miguu yao kuna jeki ya chupa ya tani 10 inabingirika. Spea ya Land Cruiser na rimu lake inapita kilo 30, hiyo mbona hamuitaji? Kama ni kanuni iandikwe kwa uzito: chochote cha kupindukia kilo 5 kwenye nafasi ya watu kifungwe kwenye chuma cha gari. Na jeki ya chupa ifungwe wima, valvu imefungwa, la sivyo inavuja na siku ya kazi inapanda nusu.

Escudo
Kilo 5? Basi na ubao wa kuwekea jeki.

Fundi Mwanakwerekwe
Ubao lazima, bila ubao jeki ndefu mchangani ni kigingi. Kitako kina kama sentimita 200 za mraba. Ukikipa kilo 700, kila sentimita inabeba kilo tatu na nusu, inazama. Ubao wa sentimita 40 kwa 40 unashusha hadi chini ya nusu kilo. Plaiwudi mbili za milimita 18, zimegandishwa kwa gundi na skrubu.

Spana 13
Huo ulaze chini ya jeki, vikamatio vikanyage juu yake. Lakini bolti sasa zinakuwa ndefu kwa milimita 36 zaidi, na M8 ndefu hivyo mbao ikilegea inapinda. Hapo panda M10, tundu la 11, spana 17.

Wete Juu
Jeki bolti, spea bolti, ubao bolti. Kesho mtatutia bolti abiria.

Siti ya Nyuma
Mkanda tu unatosha, ami. Kwenye zile benchi za pembeni za nyuma, mara nyingi hata huo haupo.