Naomba ushauri: hukumu imetolewa dhidi yangu bila kusikilizwa

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Kongowea, Mombasa, na muuzaji wa jumla amenishtaki kwa deni la saruji ambalo nusu yake nilishalilipa. Hati ya madai na samansi (wito wa kufika kortini) aliachiwa mpwa wangu dukani, naye akazitia kwenye mtoto wa meza chini ya daftari la madeni (vijana wa leo!), hata siku za kufika kortini zikapita na mdai akapata hukumu ya upande mmoja. Nilijua juzi tu, dalali wa korti alipokuja kuorodhesha mali na kunipa siku 7 nilipe kabla hazijachukuliwa.

Nimesoma kwamba Amri ya 10, kanuni ya 11 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za Kenya za 2010 inairuhusu korti kutengua hukumu ya namna hiyo kwa masharti ya haki. Je, stakabadhi za malipo niziambatanishe kwenye hati ya kiapo pamoja na rasimu ya utetezi, au nieleze kwanza habari ya samansi? Na ombi la kusimamisha utekelezaji liende pamoja, ama peke yake kwa hati ya dharura?