Anataka asilimia 30 ya fidia yangu ya bima, nisaini?

BiMkubwa_Chake: Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi uliopita nyumba yangu hapa Chake Chake iliungua, umeme ulipiga shoti jikoni. Paa la nyuma lote limekwenda. Bima ninayo, niliikata kwa ajili ya mkopo wa benki. Kampuni ikamleta mpimaji, kapiga picha nusu saa kaondoka. Pesa wanayotaka kunipa haitoshi hata mabati. Juzi kaja kijana na mkoba wake, ati yeye kazi yake kuwadaia watu fidia, achukue asilimia 30. Na shilingi 150,000 ya mafuta kwanza! Nisaini?

Kiuyu_kwetu: Pole sana bibi. Wa asilimia anadai mafuta ya nini?

Shangani77: Mie nimefanya kazi ya bima. Yule aliyepiga picha analipwa na kampuni, kwa hiyo kutaka wa upande wako si kosa. Lakini wapimaji hasara wanasajiliwa na TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, na Sheria ya Bima ya 2009 inashika Bara na Zanzibar. Muombe leseni, kisha uliza ofisi ya TIRA Unguja kama wanamjua. Isome karatasi yake: ikiwa inampa ruhusa ya kupokea hundi kwa jina lake, itupe. Na mkopo kama haujesha, benki huenda ikalipwa mwanzo. Hiyo 30 ataikata wapi?

Mtoro_Tampa: Nipo Florida. Huku watu hao wapo, wana leseni ya jimbo, na ada ina kikomo: asilimia 20, na ikiwa gavana katangaza dharura, kama kimbunga, ni 10 kwa mwaka wa kwanza. Texas ni 10. Huyo wako hata huku angekuwa kavunja sheria.

FundiWete: Mama, tafuta mkadiriaji majenzi akuandikie mbao, mabati, waya, saruji, kila kitu na bei yake. Bei ya Pemba, si ya Unguja! Meli nayo ni pesa, na mpimaji wa kampuni hilo hulisahau. Ipeleke kwa barua, nakala yako igongwe muhuri.

Shangani77: Na usisaini hati ya kukubali kuwa umeshalipwa yote, ukisaini madai yamekufa. Wakigoma, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

BiMkubwa_Chake: Ahsanteni wanangu. Nimemuomba leseni, kasema kaisahau Mkoani. Tangu jana simu yangu hapokei. Mkadiriaji anakuja kesho asubuhi.