Matango kwenye neti ndani ya kitalu nyumba: nipogolee wapi ili mavuno yapande?

MatutaManne (swali)

Wakuu, habari za kazi. Nina kitalu nyumba cha mita 8 kwa 30, Usa River, Arusha, kuta zimezibwa kwa neti ya kuzuia wadudu. Matuta ni 4 yanayofuata urefu wa nyumba, kila tuta lina mistari 2 iliyoachana sentimita 50, na mche hadi mche ni sentimita 40. Jumla miche 560. Maji ni ya matone, yanatoka kwenye simtanki la lita 1,000 linalojazwa mara moja kwa siku, asubuhi. Miche imefikisha majani 4. Neti ninayo, matundu ya sentimita 15, upana mita 2, bado haijafungwa.

Mzao uliopita matango yalipandishwa kwenye neti yakaachwa yajiendee. Juu majani yalifunga, chini kukawa giza. Matunda mengi yalipinda kama mundu, mengine yaligeuka njano yakiwa na ukubwa wa kidole yakadondoka, na ubwiri unga (ule ukungu mweupe kama unga kwenye majani) uliingia mapema.

Nataka kujua neti naifungaje, napogolea kuanzia wapi hadi wapi, na kwa nini yale matunda madogo yalidondoka.

---

MkasiNaKamba

Mkuu, neti peke yake haiongezi tunda hata moja. Inachofanya ni kulibeba jani mahali jua linapolifikia na kuliacha tunda lining'inie bila kuguswa. Mavuno yanaamuliwa na upogoleaji, tena hasa katika wiki 3 za kwanza, kipindi ambacho watu wengi huwa hawagusi mmea kwa sababu bado unaonekana mdogo.

Angalia kwapa la jani, pale jani linapotokea kwenye shina (sehemu hiyo ya shina ndiyo fundo). Utakuta vitu vitatu: kitango kichanga chenye ua la njano kwenye ncha yake, chipukizi litakalokuwa tawi, na uzi wa kujishikia unaojikunja kama springi. Cha kutoa na cha kuacha kinategemea kwapa hilo liko juu kiasi gani.

Kuanzia chini hadi fundo la 6, yaani sentimita 50 mpaka 60 hivi, toa vyote vitatu. Bakiza majani tu. Najua inauma kutupa matunda ya kwanza, lakini wakati huo mizizi bado michache, na tunda la chini linavuta chakula ambacho shina linakihitaji ili lipande. Halafu hilo tunda lenyewe mara nyingi linagusa udongo na kupinda, kwa hiyo hata sokoni haliendi. Chipukizi litoe likiwa na sentimita 3 hadi 5: lisukume pembeni kwa kidole gumba, linakatika lenyewe. Ukingoja linenepe kama penseli utalazimika kukata kwa mkasi, utaacha kidonda kikubwa, na hapo ndipo ukungu wa shina unapopitia.

Fundo la 7 na kuendelea, acha vitango. Aina ndefu, kimoja kwa kila kwapa. Fupi laini za Beit Alpha zinaweza kubeba 2 kwenye kwapa moja mmea ukiwa na nguvu. Ukiona vitango vinakauka vyenyewe, mmea unakuambia mzigo umezidi, punguza. Machipukizi endelea kuyatoa mpaka katikati ya neti. Kutoka katikati kwenda juu, acha kila chipukizi litoe majani 2 na tunda 1, kisha likate ncha. Nyuzi za kujishikia toa zote, chini mpaka juu. Zikishika tunda jirani au kikonyo cha jani, kinachofuata ni tunda lililopinda.

Shina kuu likifika waya wa juu, liache lipite kwa majani 2 halafu kata ncha. Machipukizi 2 ya juu kabisa yapitishe juu ya waya yashuke, moja kila upande, kama mwavuli. Yakifika mita 1 kutoka ardhini nayo yakate. Ukiacha ncha iendelee kupanda itafika kwenye nailoni, majani yataungua kwa joto la pale juu, na kivuli kitarudi kilekile cha mzao uliopita.

Jambo la saa: shina la tango asubuhi limejaa maji, ukilipinda linavunjika kama karoti. Kazi ya kupinda na kufunga ifanye saa 8 mchana hadi saa 10, likiwa limelegea kidogo. Kupogolea kufanyike asubuhi umande ukishakauka, saa 4 hivi, ili vidonda vikauke kabla ya jioni. Kila mmea uupitie angalau mara 2 kwa wiki, kukiwa na joto mara 3.

---

KlipuMia

Naungana na aliyetangulia kwenye kupogolea. Kwenye neti nina neno.

Neti ikisimama wima na shina likafumwa ndani na nje ya matundu, hasara huja mara mbili. Kwanza tunda. Kitango kikiwa na unene wa kidole kinaingia kwenye tundu, au kinabanwa kati ya uzi wa neti na kikonyo cha jani. Kinanenepa pande zote mbili, na pale uzi ulipokaa kinabaki na kiuno. Ladha yake ni ileile lakini mnunuzi wa daraja la kwanza halichukui. Pili, mwisho wa mzao utakuta mabua makavu yamejisokota kwenye neti nzima. Hayatoki kirahisi, na mabaki hayo ndiyo yanayohifadhi ukungu na virusi hadi mzao unaofuata. Ukitaka kuirudia lazima uisafishe bua kwa bua, uiloweke kwenye maji yenye jiki, uisuuze na uianike juani. Kwa mita 224 za neti, hiyo ni kazi ya siku kadhaa.

Kwa ukubwa huo ningeshauri kamba: moja kwa kila mche, inafungwa juu kwenye waya, shina linazungushwa upande uleule wakati wote, na klipu inakaa chini ya kikonyo cha jani kila sentimita 30. Mzao ukiisha kamba na mabua vinatoka pamoja.

Lakini kwa kuwa neti tayari unayo, usiifunge wima. Ilaze kidogo. Kwenye kila tuta chini neti mbili ziachane sentimita 50 kufuata mistari yako, juu ziachane mita 1, upate umbo la V. Shina lifunge upande wa chini wa neti, ule unaotazama njia. Majani yatajipenyeza kwenye matundu kufuata mwanga, yakae upande wa ndani na juu. Matunda yatabaki yananing'inia hewani upande wa njia, yamenyooka kwa uzito wake yenyewe, na mvunaji anayaona bila kufunua majani. Kuona ni muhimu, kwa sababu tango moja lililosahaulika likakomaa linaufanya mmea upunguze kubeba mengine.

Usifume popote. Funga kwa klipu au kamba laini, kitanzi kiwe na nafasi ya kidole.

---

NguzoNaWaya

Kabla hujaning'iniza chochote, piga hesabu ya uzito. Chukua kilo 4 kwa mmea uliojaa majani na matunda. Mstari wa mita 28 una miche 70, hivyo waya mmoja unabeba kilo 280. Mistari 8 ni kilo 2,240. Zaidi ya tani 2. Kama nyumba yako ilijengwa kubeba nailoni tu, usifunge waya kwenye mabomba ya paa. Yatapinda taratibu, nailoni italegea, mvua itatuama juu, na siku ya upepo itachanika.

Weka nguzo za kujitegemea katikati ya tuta, kila mita 3.1, yaani nguzo 10 kwa tuta. Zichimbie sentimita 60, zibaki mita 2 juu ya ardhi. Juu pigilia mti wa kukingama wa mita 1 upate umbo la T: ncha zake ndizo zitakazobeba waya mbili za V aliyoeleza KlipuMia. Kati ya nguzo na nguzo uzito utakuwa kilo 30 hivi, kiasi ambacho waya wa mabati wa milimita 3 unakihimili vizuri.

Wengi wanakosea kwenye nguzo za mwisho. Waya mzima unazivuta kuelekea ndani, kwa hiyo kila moja itegemezwe kwa mti wa mshazari upande wa ndani, au ifungwe kwa waya kwenye kigingi kilichozikwa nje yake. Bila hivyo, wiki ya 6 waya unalegea, neti inashuka, na vile vitango ulivyovinyanyua vinarudi chini.

---

MatutaManne

Shukrani sana wakuu, V nimeielewa. Nimekwenda kusoma pakiti za mbegu. Matuta 2 ni Beit Alpha chotara iliyoandikwa haihitaji uchavushaji. Mengine 2 ni Ashley. Mzao uliopita yote yalikuwa Ashley. Napogolea sawasawa kote?

---

BiMbegu

Hapana kaka, na hapo ndipo lilipo jibu la matunda yako ya njano.

Ashley ni tango la shamba la wazi. Mmea mmoja hutoa maua dume na maua jike, na jike bila kuchavushwa halishiki tunda: kitango kinafika ukubwa wa kidole, kinageuka njano kuanzia kwenye ncha, kinadondoka. Wewe umeziba kuta kwa neti ya kuzuia wadudu, nyuki ataingilia wapi? Hata ungeongeza mbolea maradufu yangedondoka tu.

Kwa matuta ya Ashley, chavusha kwa mkono. Kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi chuma ua dume lililofunguka siku hiyo. Utalijua kwa sababu nyuma yake kuna kikonyo kitupu, wakati jike lina kitango kidogo nyuma. Toa petali zake, pakaza chavua katikati ya ua jike. Dume moja linatosha jike 2 au 3. Kwa miche 280 ni kazi ya kila asubuhi, kwa hiyo mzao ujao panda aina isiyohitaji uchavushaji kote. Usifungue kuta kuingiza nyuki sasa: utaingiza inzi weupe na vithiripi, na zile Beit Alpha zikichavushwa zinatunga mbegu, tunda linavimba upande mmoja.

Upogoleaji nao unatofautiana. Beit Alpha chotara karibu kila ua ni jike na shina kuu linabeba vizuri, hivyo fuata maelezo ya MkasiNaKamba kama yalivyo. Ashley hutoa maua dume mengi kwenye shina kuu, na jike wengi huja kwenye matawi. Ukiyatoa matawi yote umetupa mavuno. Safisha hadi fundo la 5, halafu kila tawi liache mpaka liwe na mafundo 2, ndipo ukate ncha.

Matunda kupinda nako si neti peke yake. Miche 560 ikishakuwa mikubwa, siku ya jua kali, inataka lita 2 kwa mche au zaidi. Hiyo ni lita 1,120 na tangi lako ni la 1,000. Ina maana mchana, tunda likiwa linanenepa, maji yameisha. Tunda linapinda au linakuwa jembamba upande mmoja, na uchungu unaongezeka. Ongeza tangi, au lijaze mara mbili, na ugawe umwagiliaji mara 3 hadi 4: saa 2 asubuhi, saa 5, saa 8. Ule wa jioni uwe mfupi na usipite saa 10.

Mbolea ya kwenye matone: kalsiamu naitreti usiichanganye kwenye ndoo moja na yenye salfeti au fosfeti. Zinaganda unga mweupe unaoziba matundu ya matone, na utadhani mmea unaumwa kumbe haunywi. Zipe siku tofauti.

Ubwiri unga hauhitaji jani lililolowa. Unapenda kivuli, msongamano na hewa iliyosimama, ndiyo maana ulikuwahi. Ukianza kuvuna, toa majani ya zamani yaliyo chini ya tunda la mwisho ulilochuma, 2 au 3 kwa mara moja na si zaidi, uyatoe nje kabisa ya nyumba. Unga ukionekana kwenye majani ya chini, toa hayo kwanza kisha ndiyo upulizie salfa, jioni. Usiipulize kwenye jua kali, inaunguza.

---

MatutaManne

Nimeelewa, dada. La mwisho: miche kama 30 ya Beit Alpha ilivunjika ncha wakati wa kuhamishia. Ning'oe nipande upya?

---

MkasiNaKamba

Usiing'oe. Ndani ya siku chache kila mche utatoa machipukizi kwenye makwapa. Chagua moja lililo imara, lililo karibu na pale ncha ilipovunjika, ndilo liwe shina jipya. Mengine yatoe. Juu ya chipukizi hilo kata kipande kilichokufa, bakiza nusu sentimita, usisogelee chipukizi.

Itachelewa kama wiki moja hadi siku 10 nyuma ya wenzake, kwa hiyo kwenye hiyo usihesabu mafundo, tumia kimo: chochote chini ya sentimita 60 toa. Na ifunge kwenye neti mapema, chipukizi likiwa na majani 3, kwa sababu maungio ya tawi jipya na shina la zamani ni dhaifu na hupasuka likianza kubeba. Klipu ya kwanza iwe sentimita 5 juu ya maungio hayo.

Miche yenye ugonjwa wa mizizi ndiyo ya kung'oa. Ukiona mche umenyauka mchana na jioni haurudi, uchimbue uangalie mizizi. Ikiwa na vinundu ni minyoo fundo, na shimo hilo usipandie tango lingine mzao huu.