Umelipa deni lote, mwezi ujao unaambiwa bado unadaiwa 4,400. Tupeane uzoefu wa hivi vijideni vya riba

Mtoto wa Shangani
Wakuu kwema? Leo nimekaa kibarazani nasoma meseji ya benki nacheka peke yangu mpaka mke wangu kaja kuniangalia.

Nina kadi ya mkopo ya benki moja sitaitaja. Niliichukua enzi nina kibarua upande wa gesi kule Madimba, mshahara unaingia unajiona bosi. Kibarua kikaisha deni likabaki. Mwezi wa tano nikauza pikipiki nikasema hili jambo nalimaliza leo, stetimenti imeandika 400,000 kamili, nikaenda tawini nikalipa 400,000 kamili, risiti ninayo mpaka sasa. Nikarudi nyumbani nikaikata kadi kwa mkasi, wanangu wanashangilia kama tunachinja.

Mwezi uliofuata: unadaiwa 4,400. Nikapuuza, nikajua mfumo umechanganyikiwa, utajirekebisha. Leo wanasema 19,532. Penati ya kuchelewa 15,000 juu ya deni la 4,400! Yani mtoto kamzidi mama kimo.

Nani yamemkuta na alitokaje?

Bibi Mikindani
Pole mwanangu. Mimi walinidai shilingi 37 miezi minne. Thelathini na saba. Hata pipi hupati.

Kuchele Daima
37 😂😂 bibi ungewapelekea ming'oko

Mkulima Kitangari
Mtoa mada umenikumbusha kitu nilikuwa nimekisahau kabisa, ila mimi si kadi, ni ule mkopo wa simu, unatuma hela salio halitoshi wanakumalizia halafu wanakukata siku hela ikiingia.

Mwezi wa tano 2024 nilikuwa kwenye basi natoka Dar, kile kimbunga Hidaya kikapita, barabara ikakatika, magari yamepangana huku na huku hakuna wa kwenda wala wa kurudi. Mnaokumbuka mnakumbuka. Chai na chapati bei wanajipangia tu. Siku ya pili mfukoni sina kitu, kaka yangu akanitumia 10,000, nami nilishaelewana na mama mmoja ana vyumba vya uani, 7,000 kulala na maji ya kuoga. Maji ya kuoga jamani, siku mbili ndani ya basi.

Meseji ikaingia, imepokelewa 10,000. Kabla sijafurahi ikaingia nyingine, imekatwa 3,150. Nikaduwaa. Wiki kadhaa nyuma nilikopa 6,000 nikarudisha 6,000 ileile, mimi nikajua tumemalizana, kumbe ada ya siku ilikuwa haijaingia kwenye hesabu yangu, ikabaki kidogo, ikawa inapanda kila siku inapanda na mimi laini hiyo siitumii. Nikabaki na 6,850, bado makato ya kutolea. Yule mama nikamwomba anipunguzie akanijibu kwa upole kabisa "baba, wenye 7,000 wapo nyuma yako". Nililala kwenye basi, mbu wa pale nawajua kwa majina.

Bibi Mikindani
Masikini. Si ungemwachia hata kofia.

Ustadhi Tandahimba
Ndugu zangu semeni ukweli, nyie mnalalamikia mkia wakati ng'ombe mzima mmemla. Riba ni riba, iwe 37 iwe milioni. Mngekaa mbali nayo haya yote yasingewakuta.

Kuchele Daima
Ustadhi shkamoo. Kangomba je? Mtu unampa 30,000 kifuku ana shida, msimu ukifika mwezi wa kumi anakuletea korosho za laki na ushee. Hiyo inaitwaje, sadaka?

Ustadhi Tandahimba
Mimi sifanyi kangomba. Usinizulie.

Kuchele Daima
Sijasema wewe. Nimeuliza inaitwaje.

Mkulima Kitangari
Tena kangomba afadhali, ukishapima korosho zako yamekwisha, hakuna mtu atakuja mwezi ujao kukudai bakuli nusu 😂

Ustadhi Tandahimba
Kangomba imepigwa marufuku na serikali, basi. Turudi kwenye mada.

Nilikaa Kaunta
Niliwahi kufanya kazi benki kwa hiyo nieleze kidogo, maana mtoa mada anadhani kaibiwa na si hivyo.

Stetimenti ni picha ya siku moja. Ikikatwa tarehe 25 inakuonyesha deni mpaka tarehe 25. Wewe umekwenda kulipa tarehe 6, hizo siku katikati deni lako halikulala, riba inahesabiwa kila siku mpaka hela iingie. Chukua 400,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, ni 12,000, gawa kwa siku 30 unapata 400 kwa siku. Siku 11 ni 4,400. Ndiyo hiyo yako. Inatokea kwenye stetimenti inayofuata kwa sababu ile ya kwanza ilishachapwa.

Anayelipa deni lote kila mwezi hakutani na hili kwenye manunuzi, ana siku zake za bure. Ukishabeba deni kwenda mwezi wa pili zile siku za bure zinaondoka, na ukitoa hela taslimu kwenye ATM kwa kadi hiyo riba kwa kawaida inaanza siku ileile. Kwa hiyo usilipe kilichoandikwa kwenye stetimenti. Uliza "nikilipa leo nafunga kwa shilingi ngapi?" ulipe hiyo, siku hiyohiyo. Na kukata kadi kwa mkasi hakufungi akaunti, umekata plastiki tu.

Mtoto wa Shangani
Siku 11?? Nilienda tarehe 6 kweli. Wewe mtu unatisha.

Chuma cha Ligula
Mi nasema usilipe chochote. 4,400 hawawezi kukupeleka popote, wakili tu anakula laki. Watachoka.

Mwl Newala
Usimsikilize huyo. Mimi walinidai 2,318 nikasema hivyohivyo, watachoka. Hawakuchoka. Mwaka uliofuata naomba mkopo benki nyingine nimalizie bati, karatasi zote zimepita, mkuu wa shule kasaini, halmashauri wamegonga muhuri, naambiwa mwalimu kuna deni halijafungwa. Taarifa za wakopaji zinapelekwa kwenye kanzidata ya Benki Kuu (BoT), huko hawaandiki "ni kidogo", wanaandika limechelewa siku ngapi. Nikapanda gari kutoka Newala mpaka Mtwara mjini, nauli kwenda na kurudi mara kumi ya deni, kulipa 2,318. Nikampa dada wa kaunta 2,400, akaniuliza chenji nakuwekea kwenye akaunti? Nikamwambia dada yangu, usiniwekee hata senti, nisije nikaitwa tena.

Na udai barua ya kumaliza deni yenye muhuri. Meseji si barua.

Chuma cha Ligula
Walimu bwana, mnaogopa kila kitu.

Mwl Newala
Wewe uliyefundishwa kusoma na nani?

Mama Mtanda Lindi
Nyie mnaongelea nauli. Mimi 640 ilitaka kuvunja ndoa.

Mdogo wangu alikuwa anamcheza mwanawe unyago, mume wangu akasema kwenye hii nyumba haitoki hata mia, watu wanakula pilau mwezi mzima halafu ada za shule hawana. Nikanyamaza. Nina kadi yangu ya kazini hajui, nikachomoa 600,000, mwali akatoka amependeza Lindi nzima inajua. Nikailipa taratibu kwa hela ya kikoba mpaka ikaisha, mwenyewe nikajipongeza kwa soda baridi.

Kumbe imebaki 640. Kuna kijana wa benki akawa ananipigia ananikumbusha, ana sauti nzuri ya taratibu, namba yake nikaiandika Fundi Cherehani. Siku moja naoga, simu iko kitandani, mzee kapokea. Kijana wa watu bila salamu ya maana anasema "mama samahani nakusumbua jioni, ulisema tungeyamaliza wiki hii". Natoka bafuni na kanga, mume wangu kasimama mlangoni na simu mkononi, ananiuliza fundi cherehani gani anamaliza mambo na mke wa mtu jioni.

Ngoja nigeuze samaki.

Bibi Mikindani
Mama usitufanyie hivyo

Kuchele Daima
Samaki waungue!! Endelea

Mkulima Kitangari
Mtoa mada deni lako tutalijadili baadaye, subiri kwanza

Mama Mtanda Lindi
Nimerudi. Aliita wazee, kwao na kwetu, watu saba sebuleni. Nikaona hapa nikificha nafa, nikaenda kuchukua stetimenti chini ya godoro nikamkabidhi mjomba wake aisome kwa sauti. Kavaa miwani, anasoma, kafika kwenye 640 akarudia mara mbili. Kimya. Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu akatoa sarafu tatu za mia mbili na moja ya hamsini akaziweka kwenye meza, "mlipeni kijana wa watu, sisi twende tukaswali".

Nikajua nimepona. Mume wangu akaichukua ile karatasi akapandisha kidole juu taratibu, juu, juu, akafika kwenye 600,000. "Na hii je?"

Nilikaa Kaunta
😂😂😂 Mama muhamishe kijana huyo kitengo.

Bibi Mikindani
Unyago ni lazima. Sema nimesema mimi.

Chuma cha Ligula
Hapo kosa ni kuandika fundi cherehani. Ungeandika benki asingepokea.

Nilikaa Kaunta
Mtoa mada, andika barua uombe ile penati ifutwe, eleza ulilipa stetimenti yote kwa nia njema na uambatanishe risiti. Mara nyingi mteja ambaye ni mara yake ya kwanza wanamsikiliza. Lazima uanze na benki yenyewe kwa maandishi ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, wakikupiga chenga BoT wana tawi hapahapa Mtwara.

Mtoto wa Shangani
Mrejesho. Nimeenda asubuhi na barua. 15,000 wameifuta, nashukuru sana Nilikaa Kaunta. Imebaki 4,532, nikaona nisije nikapungukiwa tena, nikawawekea 5,000 kabisa.

Sasa nikasema nifungieni akaunti. Dada kaangalia kompyuta kasema haiwezekani, ina hela yangu 468, niimalize kwanza.

Kuchele Daima
Si unanunua vocha tu kwa kadi yakaisha

Mtoto wa Shangani
Kadi ipi?